Siku ya Fundi Inanunua Mifuko Mingapi?

Mtu akiniuliza ujenzi wa Amu, yaani mji wa Lamu, unalipa vipi siku hizi, simjibu kwa shilingi. Shilingi inadanganya. Namwambia atazame kutwa ya fundi, yaani ujira wake wa siku, inanunua mifuko mingapi ya simiti, kisha atazame ya kibarua. Mwaka wa 2015, nilipoanza kusimamia kazi zangu mwenyewe, fundi mwashi alichukua shilingi 1,200 kwa siku, na mfuko wa kilo 50 ulikuwa karibu 750 hapa kisiwani. Mfuko mmoja na nusu, na kitu cha chai. Leo fundi huyo huyo anachukua 1,500, na mfuko haushuki chini ya 900. Kuna miezi unagusa 1,000. Hapo ni mfuko mmoja na nusu, bila chai. Mwenye nyumba anaona ujira umepanda shilingi 300 na mafundi wameingiwa na tamaa. Fundi anaona amesimama pale pale, kilichosogea ni umri.

Kibarua, huyu wa kukoroga na kubeba, hajawahi kununua mfuko mzima kwa kutwa yake. Alikuwa 500, sasa 700, mahali pengine 800 kama kazi iko orofani na zege linapandishwa kwa ndoo. Kuna vijana wa mtaani kwangu walioanza kazi hii hawajaota ndevu. Sasa wana wake na watoto, na mfuko bado unawashinda.

Ila hesabu ya mwanzo na mwisho inaficha kilicho kikubwa zaidi, nacho ni kilichotokea katikati. Bei ya vifaa hupanda kwa siku moja. Unaamka, unampigia simu mwenye duka, unaambiwa, "Leo si ile ya juzi, fundi." Basi. Hakuna mkutano wala barua. Ujira hauna siku yake ya kupanda. Fundi mmoja anadai, anaambiwa aende zake. Mwingine anadai, anapewa nusu ya alichotaka. Mwaka unapita, wa pili unapita, ndipo bei mpya inakuwa ada ya mji. Katika pengo hilo ndipo watu wa mkono wanapoumia. Mimi nimelipitia nikiwa nalipwa na nimelipitia nikiwa nalipa, na sijui upande upi ni mchungu zaidi.

Kwa asiyeijua Amu, lazima kwanza aelewe bei hapa inajengekaje. Simiti inatoka viwanda vya pwani hii hii, Bamburi au Vipingo, inapakiwa lori, inapita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe. Zamani, kabla barabara ya Garsen kutiwa lami, mvua ikinyesha lori lingeweza kulala njiani siku kadhaa, na baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 kukaja na mambo ya kungoja msafara wa polisi. Lami imepunguza hayo. Haikupunguza yanayofuata. Mokowe hamali anaushusha mfuko kutoka lori hadi gati. Mashua inauvusha. Gati ya Amu hamali mwingine anautoa mashuani. Halafu punda, maana vichochoro vya Mkomani havipitishi gari, na mwenye punda anapita akipiga kelele "Simile! Simile!" huku shogi zikikwaruza kuta mlizozipiga chokaa juzi. Kila mkono ulioushika mfuko una chake, na chake hicho unalipa wewe.

Wakati wa kusi, upepo wa kusini, kuna gharama nyingine isiyoandikwa popote. Mawimbi yanaingia mashuani, turubai limefunikwa nusu, na mifuko ya chini inakunywa maji. Mzigo ukifika nyumbani sihesabu mifuko tu. Naubonyeza kila mmoja kwenye pembe kwa kidole gumba. Ukiwa mzima, unga unabonyea na kurudi polepole. Ukisikia ukoko mgumu chini ya karatasi, huo umeshaanza kushika, na fundi mwenye haya hautumii kwenye nguzo. Atautenga kwa kazi ya sakafu ya choo au kuusawazishia njia ya uani. Katika mzigo mkubwa wa mwezi wa saba, mifuko ya namna hiyo haikosekani. Mwenye mashua anasema ni Mungu, mwenye duka anasema uliondoka dukani mkavu, na bei ya mfuko mzima inabaki begani mwa mwenye nyumba.

Kwa hiyo mafuta yakipanda, simiti ya Amu inapigwa mara mbili, kwanza kwenye lori na kisha kwenye mashine ya mashua. Punda hanywi dizeli, lakini anakula pumba, na pumba nayo inaletwa na lori.

Jiwe la Manda, kisiwa jirani, ni habari nyingine kabisa, na lilinifundisha kuliko mambo mengine yote. Ng'ambo ya mkondo, Maweni, watu wanachimba matumbawe ya kale na kuyachonga matofali kwa mikono. Wengi wao ni wenyeji wa bara waliolowea huko na kazi hiyo. Jiwe hilo halina dola ndani yake, maana hakuna cha kuagizwa nje. Halina klinka ya simiti, halina bandari, halina kiwanda. Ni kifua cha mtu, chuma mkononi, na mashua ya kulivusha. Na kwa miaka yote niliyonunua, bei yake imepanda polepole sana, kwa manung'uniko yale yale, kwa kuchelewa kule kule kama kutwa ya fundi. Mwanzoni nilidhani wachongaji wale ni watu wapole. Baadaye nikaelewa kwamba bei ya jiwe ni ujira mtupu, ndiyo maana inatembea kama ujira. Kifaa chenye dola ndani yake kinaruka, chenye jasho peke yake kinatambaa.

Boriti, ile miti ya mikoko ya kubebea dari, ingekuwa sawa na jiwe, lakini ile ina serikali ndani yake. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na nyumba zetu za mawe zimejengwa kwa kipimo chake: upana wa chumba cha kale ni urefu wa boriti, ndiyo sababu vyumba vyetu ni vyembamba na virefu. Zamani boriti zilikuwa zikisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni, mpaka serikali ilipozuia kuziuza nje mwaka wa 1982. Halafu Februari 2018 ukapigwa marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii kote nchini, na mikoko ikaingia humo humo. Wakati huo nilikuwa nimeshafumua dari ya nyumba moja Langoni. Boriti za zamani tumezishusha, zimeliwa na mchwa, chumba kiko wazi kinatazama mbingu. Tulikuwa tukinunua kwa korija, ishirini ishirini. Ghafla hakuna korija. Kuna mtu anayekuonyesha sita uani kwake, amezifunika kwa makuti, na bei anayokutajia huirudii mbele ya watu.

Mwenye nyumba ile aliishia kumwaga zege la vyuma. Ni wengi waliofanya hivyo. Hata marufuku yalipolegezwa baadaye, baadhi ya wateja hawakurudi kwenye boriti, na wakataji walikuwa wameshakosa mapato ya msimu baada ya msimu. Tatizo la zege kwenye kuta zile linajulikana na kila fundi mwenye mvi: ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua, simiti haipumui, unyevu unakwama ndani na plasta inavimba na kumwagika vipande vipande. Na mchanga ukiwa na chumvi, chuma kinaliwa kimyakimya mpaka zege lipasuke. Mchanga wa Shela, kijiji jirani hapa kisiwani, hauguswi, na ni sawa usiguswe, kwa kuwa matuta yale ndiyo yanayoweka maji ya visima tunayokunywa. Kwa hiyo mchanga nao unavushwa kutoka ng'ambo.

Narudi kwenye ujira. Watu wengi hudhani kutwa ya fundi inafuata amri ya serikali ya kima cha chini, ile inayotangazwa Siku ya Wafanyakazi. Mwaka wa 2018 ilitangazwa nyongeza ya asilimia 5. Kisha miaka ikapita mitupu hadi 2022, ikatangazwa asilimia 12, na 2024 asilimia 6. Sijawahi kumsikia kibarua hata mmoja wa Amu akidai pesa kwa kutaja asilimia hizo. Anadai kwa kutaja kazi nyingine iliyo jirani: "Kule wanatoa kadhaa." Ujira wetu unafuata nani mwingine anaajiri.

Ndiyo maana bandari ilituyumbisha sana. Mradi wa LAPSSET, wa bandari mpya ya Lamu na njia za kuiunganisha na nchi jirani, ulizinduliwa Machi 2012 na marais wa Kenya na Sudan Kusini pamoja na waziri mkuu wa Ethiopia, na kazi ya magati ilipochanganya huko Kililana, vijana walivuka kwa makundi. Kulikuwa na mshahara wa kueleweka na kazi ya kila siku. Mjini tukabaki tunagombania wazee na wanafunzi wa likizo. Niliwahi kungoja wiki nzima kupata mtu wa kupiga plasta. Ndipo kutwa zilipopanda, hapo tu, kwa sababu mwenye nyumba hakuwa na njia. Nakumbuka mmoja wa Mkomani alilalamika kwamba ninampandishia bei kwa kisingizio cha Wachina wa bandarini. Nikamwambia akatafute fundi wa bei ya zamani, nami nitamsimamia bure. Hakumpata.

Halafu mambo yakageuka. Machi 2020 korona ikaingia nchini, wageni wakakatika, nyumba za kitalii za Shela zikasimama nusu. Mei 2021 gati la kwanza la bandari likafunguliwa. Kazi za ujenzi huko zilipopungua, vijana wakarudi mjini na ujuzi waliojifunza, wengine wakijua kusuka vyuma kuliko sisi tuliowafundisha. Mikono ikawa mingi, kazi chache. Kutwa zikaganda.

Na huo ndio wakati vifaa vilipochagua kuruka. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa mitambo ya umeme, na viwanda vya kuyeyusha vikabanwa hadi Mei iliporuhusiwa tena. Katikati yake, Februari, vita vya Ukraine vikaanza, na bei ya chuma ikapanda duniani kote. Mwenye duka langu alikuwa akinipa bei ya nondo asubuhi na kuniambia nilipe kabla ya adhuhuri. Julai 2023 kodi ya thamani kwenye mafuta ikatoka asilimia 8 hadi 16, na Sheria ya Fedha ya mwaka huo ikaweka tozo ya asilimia 17.5 kwenye klinka inayoagizwa, ambayo ndiyo inayosagwa kuwa simiti, na kwenye chuma ghafi pia. Oktoba, lita ya petroli Nairobi ikafika shilingi 217; huku kwetu usiulize. Dola ikakaribia shilingi 160 mwanzoni mwa 2024. Na kama kwamba hayo hayatoshi, mvua za mwisho wa 2023 zikaleta mafuriko ya mto Tana, maji yakaikata barabara upande wa Gamba, malori yakapanga foleni ng'ambo, na Amu mfuko ukauzwa kwa bei ya mtu anavyoamka.

Kutwa ya fundi wakati huo ilikuwa wapi? 1,200. Kwa wachache 1,300. Kibarua 600 na asante. Yaani kipindi kile fundi alikuwa ananunua mfuko mmoja na robo, na alikuwa amerudi nyuma kuliko 2015, ilhali unga, mafuta ya kupikia na karo vilikuwa vimekwenda mbele. Ndilo pengo nililolitaja. Shilingi ilipopata nguvu katikati ya 2024 na dola kushuka karibu na 130, niliingoja simiti ishuke nayo. Ilishuka kidogo ya kumridhisha mtoto. Mwenye duka ananiambia mzigo alionao alinunua kwa bei ya juu. Baada ya miezi mzigo huo ukawa haujaisha bado.

Nikiwa upande wa kulipa, hili ndilo nililoliona mara nyingi mpaka sasa naliona kabla halijatokea. Mwenye nyumba ana fungu lake la fedha. Vifaa vinalipwa kwanza kwa sababu duka halikopeshi na mashua haingoji. Maji ya bamvua yakitoka, chombo kilichoelemewa na mawe kinakaa juu ya tope mpaka yarudi. Vifaa vikipanda, havimwombi mtu ruhusa, vinachukua tu kutoka fungu lile lile. Kinachobaki ndicho ujira. Hapa kwetu watu wa Amu hulipana Alhamisi jioni, kesho yake Ijumaa watu wapumzike. Basi Alhamisi moja, nyumba ya orofa mbili, vigae vimeshaletwa vyote kutoka Mombasa, vizuri mno, vimepangwa ukumbini. Mwenye nyumba, mama wa heshima zake, akaniita kando darini.

"Fundi, nisitirie. Waambie mpaka mwezi upinduke."

"Bi, mimi nitangoja. Hao walioko chini sijui."

"Si watu wako hao?"

Nilishuka nikawaeleza. Mafundi wakanyamaza. Aliyejibu ni kijana wa kukoroga, simiti imemkaukia hadi kwenye nyusi.

"Ami, kwetu chungu hakingoji mwezi."

Wakati huo vigae vile peke yake vingelipa watu wote wa kazi hiyo kwa zaidi ya mwezi. Vilikuwa pale, vimelipiwa, hakuna anayeweza kuvirudisha. Nilikopa kwa mwenye duka la nafaka nikawapa nusu nusu. Siyo kwamba yule mama ni dhalimu. Alipiga hesabu yake kwa bei za mwezi wa tatu akanunua kwa bei za mwezi wa tisa, na tofauti ile ilikuwa lazima itoke kwa mtu. Kwenye ujenzi wetu huwa inatoka kwa asiyeweza kurudisha mzigo wake. Siku ya kazi ikishafanywa, imeshafanywa. Huwezi kuipakia punda ukairudisha dukani.

Jambo moja zuri lililotokana na simiti kuwa ghali ni kwamba chokaa imeanza kuulizwa tena. Kwa miaka mingi ilikuwa kazi ya wenye nyumba wanaohimizwa na watu wa makumbusho, maana mji wa kale umeingia katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001 na ukarabati wake una masharti. Sasa kuna watu wa kawaida wanaoniuliza. Siwadanganyi: chokaa si rahisi kwa sababu tu mfuko wake ni wa bei nafuu. Matumbawe yanachomwa tanuuni kwa kuni, na kuni zikiwa haba nayo inapanda. Inataka kulowekwa na kuiva, plasta yake inapigwa kwa tabaka na kungojwa ikauke. Maana yake vifaa vinapungua na siku za fundi zinaongezeka. Mteja akisikia hivyo hukunja uso. Lakini ukitazama fedha inakwenda wapi, kwenye simiti sehemu kubwa inatoka kisiwani siku hiyo hiyo, na kwenye chokaa inabaki kwa mchomaji, kwa mwenye punda, kwa fundi na kwa mtoto wa fundi. Mimi napendelea ya pili, na sioni haya kusema kwamba nafaidika nayo.

Siku hizi nikichukua kazi naandika karatasi mbili. Ya vifaa ina tarehe, na chini yake nimeandika kwamba bei hizi zinadumu siku kumi na nne. Baada ya hapo tunapiga hesabu upya, hakuna kuoneana haya. Ya ujira iko mbali, na pesa ya kila hatua, msingi, kuta, dari, plasta, inatumwa kwenye simu yangu kabla hatua haijaanza. Wapo waliosema hilo ni kutowaamini wakatafuta msimamizi mwingine. Siwalaumu, mji huu kila mtu ni jamaa ya mtu na karatasi inaonekana kama matusi. Wenye kufanya kazi za kulipwa nje, Mombasa au Maskati, wanaelewa haraka zaidi, pengine kwa sababu wao wenyewe wameshawahi kucheleweshewa mshahara.

Kwenye karatasi ya ujira nimeongeza mstari mmoja ambao ndio unaozua mazungumzo: mfuko wa simiti ukivuka shilingi 1,000 hapa Amu, kutwa ya fundi inaongezeka 100 na ya kibarua 50, tangu wiki hiyo hiyo, bila kungoja mtu adai. Wengine wanaufuta kwa kalamu mbele yangu. Wengine wanautia saini bila kuusoma, na hao ndio wanaogomba baadaye. Mmoja wa Shela, mfanyabiashara, aliusoma mara mbili, akacheka, akasema atakubali kwa sharti kwamba mfuko ukirudi chini ya 800, kutwa nazo zishuke. Nilimwandikia pale pale na mafundi wangu wakakubali bila kunong'ona. Mfuko wa 800 hatujauona Amu tangu kabla ya vyuma kupanda.